Damu ya bibi harusi, punda wa Shinyanga na dawa za Wachina



Harusi ikikaribia, na dawa nazo zinakaribia. Sisi mafundi wa nguo za maharusi huku Segese tunaziona zikitoka kwenye mikoba pamoja na lesi na shanga: ya kung'arisha uso, ya kukata tumbo, ya kusafisha kizazi, ya kuongeza damu. Nyingi zimeandikwa Kichina, na muuzaji hajui kuyasoma maandishi hayo wala mnunuzi hajui. Shangazi kasema ni nzuri, basi imetosha. Tumeona tuandike historia yake kidogo, maana hapa kwetu Shinyanga dawa za Wachina zimeingia kwa milango miwili tofauti kabisa, na dada zetu wengi hawajui ni upi waliopitia.

Ninyi wa Unguja na Pemba mliwaona madaktari wa Kichina kabla yetu. Kundi la kwanza lilifika Zanzibar mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, likitokea jimbo la Jiangsu. Tangu hapo wamekuwa wakipokezana, na mpaka leo mtu akienda Mnazi Mmoja, au Abdalla Mzee kule Mkoani, anaweza kumkuta daktari Mchina. Bara walikuja mwaka 1968, na hawa wa bara walitoka jimbo jingine, Shandong. Lishikeni jina hilo, tutalirudia.

Jambo ambalo wauza vikopo hawalisemi ni kwamba madaktari wale hawakuja na mizizi peke yake. Walikuja na visu vya upasuaji, dawa za hospitali, na sindano zao za jadi, vyote ndani ya begi moja. Kwao China serikali ilikwisha amua tangu miaka ya 1950 kwamba tiba ya jadi na tiba ya kizungu zifundishwe na zitumike bega kwa bega. Kwa hiyo mzee aliyepooza upande mmoja au mwenye mgongo unaomsumbua alichomwa sindano, na mama aliyekwama kwenye uchungu alipelekwa chumba cha upasuaji. Kila ugonjwa na mlango wake.

Sindano zenyewe, ile tiba inayoitwa akyupancha, si za kutia dawa. Ni nyembamba karibu kama unywele, hazina tundu, zinachomekwa sehemu maalumu za mwili na kuachwa kwa dakika kadhaa. Wachina wa kale walieleza kwamba kuna nguvu inayopita mwilini katika njia zake, na sindano inaifungulia njia ilipoziba. Madaktari wa leo wanaieleza kwa mishipa ya fahamu, na wanakubali kwamba kwa baadhi ya maumivu, ya mgongo, shingo au kichwa, watu hupata nafuu. Sisi tunaoinamia cherehani kutwa tunaelewa kwa nini mtu angeijaribu! Ila sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako, hasa huku migodini ambako Ukimwi haujaondoka. Na mwanamke ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake.

Wachina pia wana vikombe vya kuvuta mgongoni, na hapo Muislamu atatabasamu, kwa sababu sisi tuna hijama yetu katika sunna, na mababu zetu wa pwani walikuwa wakiumika kwa pembe iitwayo chuku. Kiswahili kina utani wake: kupiga chuku ni kuumika, na kupiga chuku pia ni kutia chumvi kwenye habari. Huenda waganga wa zamani nao walisifu dawa zao kuliko zilivyo.

Sasa mlango wa kwanza. Tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, China ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa ya malaria, kwa sababu klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa na askari walikuwa wakifa kwa homa. Mwanamke mmoja wa Beijing, Tu Youyou, akapewa kuongoza kundi la kuchunguza dawa za jadi. Walikusanya maelezo ya tiba zaidi ya 2,000. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, uitwao qinghao, ulionyesha dalili njema kisha ukashindwa, leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4, akaona kwamba tabibu yule aliuloweka mmea katika maji na kuukamua, hakuuchemsha. Akagundua kumbe moto ndio unaoiua dawa. Akaitoa kwa joto dogo, ikawaponya panya na nyani, kisha mwaka 1972 yeye na wenzake wakaimeza wenyewe kwanza kuona kama ina madhara, kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mtasema hayo yanatuhusu nini. Dawa ile inaitwa artemisinini. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikahamia SP, na mwishoni mwa 2006 ikaanza dawa mseto, ALu, na hiyo "A" inatokana na artemisinini. Kila mama wa Segese aliyemnywesha mtoto wake dawa mseto usiku wa homa ametumia dawa ya jadi ya Kichina. Ila ameipata zahanati, ikiwa imepimwa, kipimo chake kinajulikana na madhara yake yanajulikana.

Mlango wa pili ni wa punda. Huko Shandong, jimbo lile lile lililotuletea madaktari, kuna wilaya iitwayo Dong'e. Ni maarufu kwa dawa iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka iwe gundi. Tangu zamani wanawake wa Kichina huambiwa inaongeza damu, inarudisha nguvu baada ya uzazi na kuupa uso rangi nzuri. Wachina walipopata pesa, haja ya ejiao ikapanda. Punda wao, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa kama milioni 11, wakashuka hadi chini ya milioni 3. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, hafugiki kama kuku. Basi wakageukia Afrika.

Shinyanga ikapata kichinjio cha punda, na Dodoma kingine. Anayeishi mjini anaweza kuona ni biashara tu. Huku kwetu punda ndiye mikono ya pili ya mwanamke: anabeba madumu ya maji, kuni, magunia ya mahindi, na kwenye machimbo madogo anabeba mawe ya dhahabu. Punda akiuzwa au akiibiwa, dumu linarudi kichwani kwa mama na binti yake. Mwaka 2017 serikali ilizuia uchinjaji huo, ukarudi, na Desemba 2022 ikatangaza kuusitisha tena. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakaunga mkono kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Tuliposoma habari hizi kilichotuuma ni hiki: punda wa mama wa Shinyanga anachinjwa ili mwanamke mwingine mbali aongeze damu, na huyu mama mwenyewe damu hana. Huku malaria, minyoo na uzazi wa karibukaribu vinaimaliza. Ejiao haijapita njia aliyoipitia Tu Youyou, haijathibitishwa kwamba inaponya upungufu wa damu. Na kwetu Waislamu kuna jambo jingine, kwani nyama ya punda wa kufugwa ilikatazwa tangu vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, na maulamaa walio wengi wameshika hivyo. Kwa hiyo kikopo cha "damu" kisichosomeka kinahitaji swali kwa mfamasia na swali kwa sheikh pia.

Bibi harusi mwenye kizunguzungu, anayechoka kwa kupanda ngazi, akapimwe wingi wa damu kituo cha afya, ni tone moja kwenye kidole. Ikiwa ndogo atapewa vidonge vya madini ya chuma, na asivinywe na chai, chai inapunguza nguvu yake. Maji ya ndimu au chungwa yanasaidia. Akikutwa na malaria atapewa ile dawa mseto, dozi sita kwa siku tatu, ale kwanza kitu chenye mafuta kidogo kama maziwa, na kama anahisi ana mimba amwambie mhudumu kabla hajameza.