Hadteili ya springi ndefu

Hadteili ni baiskeli ya milimani yenye springi kwenye uma wa mbele tu. Nyuma, fremu ni ngumu. Ile ya springi ndefu ina uma unaobonyea takriban milimita 130 hadi 160. Inapendwa hasa Uingereza na Whistler, Kanada, ambako kampuni ya Chromag huuza fremu za feleji. Penye mawe na mizizi, mwendeshaji husimama juu ya pedali, magoti yakiwa yamelegea, maana miguu ndiyo springi ya nyuma. Uma ukibonyea, baiskeli huinama mbele na pembe ya uma husimama zaidi. Ndiyo sababu fremu nyingi huundwa kwa pembe iliyolala, karibu nyuzi 64. Gurudumu la nyuma hupigwa vikali, kwa hiyo tairi pana ni muhimu. Baiskeli hii huchosha, lakini humfunza mwendeshaji kuchagua njia vizuri.