Ligi Kuu Ilivyovuka Rufiji

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mlioko madarasani,

Tulipokuwa wanafunzi miaka ya 1990, Ligi Kuu ya kandanda tuliijua kwa masikio tu. Tuliizunguka redio moja ya betri, na kesho yake kila mmoja alisimulia goli kana kwamba aliliona. Nyumbani Mitole ilikuwa vivyo hivyo. Ligi iliitwa ya nchi nzima, lakini kwetu ilikuwa sauti.

Ligi hiyo ilianza mwaka 1965. Bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo mwaka 1971 ilibadili jina ikawa Simba. Mwaka 1967 alikuwa Cosmopolitan, kisha Yanga ikatawala miaka mitano mfululizo, 1968 hadi 1972. Zote hizo ni klabu za Dar es Salaam. Kombe lilitoka huko mara ya kwanza mwaka 1975, Mseto ya Morogoro ilipolitwaa. Baadaye walifuata wengine wa mikoani: Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar ya Turiani mwaka 1999 na 2000. Lindi haijawahi kutoa bingwa.

Mpango wa ligi ni rahisi. Tangu msimu wa 2021/22 timu ni 16. Kila moja hucheza michezo 30, 15 nyumbani na 15 ugenini. Ushindi ni pointi 3, sare pointi 1. Timu mbili za mkiani hushuka daraja, na zilizo nafasi ya 13 na 14 hucheza mechi za mchujo kujinusuru. Haki ya mpango huu ni moja: uliyemtembelea hana budi naye kuja kwako. Basi ligi inahitaji barabara kama inavyohitaji mpira.

Hapo ndipo sisi tulipopungukiwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika safari ya kusini ilikuwa bahati nasibu. Timu gani ingependa kuja?

Msimu wa 2019/20 Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu, ikamaliza ya nne. Julai 2020 Simba ilikabidhiwa kombe la ubingwa papo hapo Ruangwa, baada ya kutoka sare na wenyeji. Kombe tulilolisikia redioni sasa lilikuwa mkoani kwetu! Mwaka 2021 Namungo ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Sisemi kwamba daraja hufunga magoli. Fedha, uwanja na walimu wa mpira vilihitajika pia. Lakini Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara Somanga, tulikumbushwa jinsi tulivyo karibu na zamani zile.

Wahitimu wenzangu, nina ombi moja. Siku ya kukutana tuje na majembe, tusawazishe kiwanja cha shule na kusimamisha milingoti mipya. Kisha vijana waalike shule jirani, nao waende kwao, nyumbani na ugenini. Ligi ya 1965 nayo ilianza kwa watu kukubali kutembeleana.