Leza, Kifafa na Majina ya Watu
Shangazi yangu alikuwa na kifafa. Aliwahi kuangukia jiko, na mkono wake wa kushoto ulibaki na kovu ambalo sisi watoto tulikatazwa kuliulizia. Lakini majina hayakumpotea. Ungemtajia mtu wa kijiji cha pili, naye angekupa jina la babu yake, na la utani juu yake. Ndiyo maana niliposoma kitabu cha Suzanne Corkin kuhusu Henry Molaison, usingizi ulinikataa.

Kisa chenyewe wengi wenu mnakijua. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimtoboa Molaison fuvu juu ya macho, akanyonya sehemu kubwa ya hipokampasi, kushoto na kulia. Jamaa alikuwa na miaka 27 na dawa zilikuwa zimeshindwa. Mishtuko ilipungua sana. Kwa hiyo ukihesabu mishtuko tu, eti upasuaji ulifaulu! Ila tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, karibu hakuna jambo jipya lililokaa kichwani mwake. Brenda Milner, mwanasaikolojia aliyempima miaka na miaka, alikuwa mgeni kwake kila alipoingia chumbani. Mwaka 1957 Milner na Scoville waliandika makala iliyokuwa pia onyo: pande zote mbili zisiguswe.

Upasuaji haukuachwa, na haukustahili kuachwa. Mwaka 2001 madaktari wa Canada walitoa matokeo ya wagonjwa 80, nusu wakipangiwa kisu na nusu dawa. Baada ya mwaka mmoja, 58% ya waliopangiwa kisu hawakuwa tena na mishtuko ya kupoteza fahamu; kwa wenzao wa dawa ni 8%. Kati ya waliopasuliwa kweli, 64%. Mtu aliyeishi na mgonjwa wa kifafa nyumbani hahitaji kufafanuliwa namba hizo.

Lakini kisu, hata cha upande mmoja, hupita njiani kabla ya kufika kinakokwenda. Upande wa kushoto, ambao kwa wengi ndio wa lugha, hupita kwenye maneno. Mgonjwa anapona kifafa, kisha anamtazama jirani yake na jina haliji.

Hapo ndipo leza ilipoingia. Daktari hutoboa tundu la milimita chache kichogoni, anapitisha uzi mwembamba wa kubeba mwanga hadi kwenye hipokampasi, kisha joto linaiunguza huku mashine ya MRI ikionyesha limefika wapi. Wengi hurudi nyumbani kesho yake. Mwaka 2019 hospitali 11 za Marekani zilikusanya wagonjwa wao 234: baada ya mwaka, 58% hawakuwa na mishtuko ya kuwasumbua. Vipimo vya tafiti hizi mbili havifanani, msizipange kama timu za ligi. Hata hivyo, madaktari wengi wanakubali kwamba kwa kuzima mishtuko, kisu bado kinatangulia kidogo.

Sasa geuza swali. Mwaka 2015 Daniel Drane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliwaonyesha wagonjwa picha, zikiwemo sura za watu mashuhuri: huyu nani? Kati ya 39 waliopasuliwa kwa kisu, 32 walishuka katika kipimo kimoja au zaidi cha kutaja au kutambua. Kati ya 19 wa leza, hakuna aliyeshuka. Ni watu wachache, najua, na kumbukumbu za aina nyingine bado zinaweza kuguswa. Ila mimi ningeanza kuusoma utafiti wowote wa kifafa kwenye jedwali hilo, ndipo nirudi kwenye la mishtuko. Molaison hakupimwa hivyo kabla ya kisu. Milner alianza kumpima madhara yalipokwisha kutokea.

Shangazi alifariki bila kuonana na daktari wa ubongo hata mmoja. Wiki yake ya mwisho alianguka mara tatu. Katikati ya mianguko hiyo alituita mmoja mmoja, wajukuu na vitukuu, na hakukosea jina.