Sindano na Kidonge

Aingiapo mjamzito wa Bendera, kule penye mtambo wa umeme wa mto Kiyimbi, katika chumba cha mkunga, kichwa chamwuma na macho yaona ukungu, na kipimo cha shinikizo la damu kilichofungwa mkononi mwake kikasoma 160 juu au 110 chini, hapo hapana wakati wa kupoteza. Tangu miaka ya 1950 matabibu wengi walitegemea sindano ya hidralazini, dawa yenye nguvu, lakini iwezayo kulishusha shinikizo ghafula hata mtoto akataabika tumboni. Ama kuhusu kifafa cha mimba, degedege liwezalo kufuata shinikizo kama hilo, mwaka 1995 utafiti ulioshirikisha Uganda ulithibitisha kwamba magnesiamu salfeti huzuia kurudi kwake vizuri zaidi kuliko diazepamu. Walakini hiyo si dawa ya shinikizo, jambo lisahauliwalo mara nyingi mno. Kisha, mwaka 2019, ikatangazwa habari ya wanawake 894 wa Nagpur, India, waliomezeshwa vidonge vya kushusha shinikizo: katika saa sita nifedipini ilituliza shinikizo bila madhara kwa asilimia 84 ya walioimeza, labetaloli 77, methildopa 76. Kwa rai yangu methildopa, ijapokuwa kongwe, haikuaibika. Na kidonge, kisichotaka kutafutiwa mshipa, chamfaa sana mama ambaye njia yake ya kwendea mji wa Kalemie imejaa tope.