Mlezi na Amana: Funzo Kutoka Mwanza

Tukitaja sitara, wengi wetu tunafikiria nguo ya bibi harusi. Leo tuitazame sitara ya mtu anayemtegemea mwenzake ili aishi salama. Historia yake tunaitoa mbali na bahari yetu, Mwanza, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria.

Kuanzia 2006 na 2007, Kanda ya Ziwa ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Waganga waliwadanganya watu kuwa viungo vya ndugu hawa huleta bahati kwenye uvuvi na machimbo ya dhahabu. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mteja ili kuwafichua, akaishia kutishiwa maisha. Mwaka huohuo Rais Kikwete alimteua Bi Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Septemba 2009, mahakama huko Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumuua mvulana mwenye ualbino.

Watoto wengi walikimbiziwa kwenye shule za bweni zilizojulikana kwa kuwahudumia wasioona, kama Mitindo wilayani Misungwi na Buhangija mjini Shinyanga. Walimu na matroni wakajikuta ni wazazi wa watoto wasiowazaa. Hapo likaja swali zito: mpaka wa mlezi uko wapi?

Hatari wakati mwingine ilitoka nyumbani. Desemba 2014 mtoto wa kike wa miaka 4 aliibwa usiku Kwimba, na baba yake akawa miongoni mwa waliokamatwa. Kwa hiyo mlezi hawezi kumkabidhi mtoto kwa kila anayedai ni ndugu. Lakini pia mtoto si mali yake. Ikponwosa Ero, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, alipozuru Tanzania 2017 alisisitiza kuwa vituo hivi si suluhisho la kudumu. Mtoto anahitaji kurudi kwao kukiwa salama.

Mpaka mwingine ni picha. Wageni huja na sadaka mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kwa mtoto anayewindwa, picha yenye jina na kijiji ni ramani kwa adui. Na mlezi anayesimulia masaibu ya mtoto ili apate misaada anauza kisicho chake. Hata mafuta ya kukinga jua, yanayomwepusha na saratani ya ngozi, mtoto afundishwe kujipaka mwenyewe. Mwili ni wake.

Dini yetu ilitangulia. Abdullah bin Ummi Maktum, asiyeona, ndiye aliyeteremshiwa sababu ya Surat Abasa. Mtume (S.A.W.) hakumweka pembeni ahurumiwe tu, alimfanya muadhini pamoja na Bilal, na akamwachia uangalizi wa Madina aliposafiri.

Nanyi maharusi, jueni hili mapema: ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Wakiwa wote wamebeba chembe hiyo bila kuonekana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Basi mama asisingiziwe zinaa wala laana, na mume asimkimbie.

Ukipewa mtu umsaidie, bisha hodi, omba ruhusa kabla ya kumgusa, funika siri yake. Ni amana, na amana huulizwa. Allah atujaalie tuwe wenye kuitunza. Amin.