Nani Amlee Mlezi? Mnasihi Mpya wa Shule na Miaka Yake ya Mwanzo Kazini

Mwaka 2002 serikali ya Tanzania ilitoa maagizo mawili ambayo watafiti wetu huyasoma mbalimbali, kana kwamba yanahusu nchi mbili. La kwanza ni Waraka wa Elimu Na. 11, uliozitaka shule zianzishe huduma ya ushauri na unasihi. La pili ni kanuni za adhabu ya viboko. Kanuni hizo ziliweka kikomo cha viboko vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkaimisha kwa maandishi, na zikataka mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, ila pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Makala haya yanayasoma maagizo hayo kwa pamoja. Katika shule ya kata yenye walimu wa kike wawili, mmoja wao akiwa likizo ya uzazi, yote mawili huangukia mikononi mwa mtu mmoja.

Kwamba wanasihi wa shule zetu wengi ni walimu wa masomo waliobebeshwa jukumu la ziada, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye tiba. Fungua tasnifu yoyote ya uzamili kuhusu unasihi shuleni, nenda sura ya mwisho, utakuta pendekezo lile lile: walimu wapewe mafunzo. Semina ziongezwe, moduli ziandikwe, vyeti vitolewe. Sipingi mafunzo. Napinga dhana iliyojificha nyuma ya pendekezo hilo, kwamba mnasihi mpya hushindwa kwa sababu hajui. Mara nyingi anajua vizuri. Alisoma saikolojia ya elimu chuoni, na anaweza kukutajia hatua za mahojiano ya unasihi bila kusita. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumwendea Jumanne jioni, baada ya msichana wa kidato cha pili kumwambia jambo ambalo halimo kwenye moduli.

Turudi kwenye kanuni ya kiboko, maana ndiyo ushahidi ninaoutegemea zaidi. Aliyeiandika bila shaka alikusudia heshima: binti asichapwe na mwanamume. Lakini tazama inavyofanya kazi. Mkuu wa shule anahitaji mwalimu wa kike wa kusimamia nidhamu ya wasichana. Anahitaji pia mwalimu wa kike wa kuwasikiliza wasichana. Walimu wa kike ni wachache, na mgeni aliyeripoti juzi ndiye asiye na majukumu mengi. Anapewa barua mbili. Asubuhi jina lake limo kwenye kitabu cha adhabu. Alasiri anakaa chini ya mwembe akisubiri binti yule yule aje amwambie kinachomsibu nyumbani. Binti haji. Mwisho wa muhula taarifa inasema wanafunzi hawana mwamko wa kutumia huduma ya unasihi, na mtafiti anainakili taarifa hiyo kama data.

Hakuna semina inayotibu jambo hilo, kwa kuwa kilichopungua hapo si maarifa. Kinachotakiwa ni mtu aliyewahi kukaa katikati ya barua hizo mbili na akajua la kufanya, awe jirani, na asiwe na mamlaka juu ya mgeni.

Nadharia za kuliunga mkono hili zipo. Mwaka 1985 Kathy Kram alibainisha kazi mbili za mlezi wa kitaaluma: kumsaidia mgeni apande katika kazi, na kumtuliza moyo ndani ya kazi hiyo. Miaka sita baadaye Jean Lave na Etienne Wenger, wakitumia miongoni mwa mengine utafiti wa Lave kwa mafundi cherehani wa Liberia, walieleza jinsi mwanagenzi anavyoingizwa kazini kutokea pembeni. Anaanza na vifungo na pindo, kisha kushona. Kukata kitambaa ni baadaye sana, kwa kuwa nguo iliyokatwa vibaya ni hasara. Sisi mnasihi mpya tunamkabidhi mkasi siku ya kwanza.

Wako wasomi wanaopenda kusema kwamba jando na unyago ndio unasihi wetu wa asili. Nadhani wameshika mkia wa hoja. Yale aliyofundishwa mwari mengine yanafaa, mengine hayafai kabisa. La kujifunza zaidi ni jinsi kungwi mwenyewe alivyopatikana: kwa kukaa ubavuni mwa kungwi aliyemtangulia, miaka na miaka, kabla ya kuachiwa mwari wake. Si bure kwamba katika Kiswahili neno *somo* ni la darasani na pia ni la mtu, yule msiri anayemfunda binti.

Pingamizi kubwa ninalolitarajia linahusu wakongwe wenyewe. Kabla ya Novemba 2021 binti aliyepata mimba aliondolewa shule. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ndio uliomfungulia mlango wa kurudi. Mwalimu wa kike mwenye miaka kumi na mitano kazini huenda ndiye aliyekuwa akiwapeleka wasichana kupimwa. Tukimfanya mlezi wa wanasihi wapya, si tutakuwa tunarithisha mazoea ya zamani? Pingamizi hili lina uzito, na silimalizi. Ninachoweza kusema ni kwamba mazoea hayo yanarithishwa hata sasa, kwa minong'ono ya ofisi ya walimu. Ulezi rasmi, wenye afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kama mtu wa tatu, angalau unayaweka mahali panapoweza kuhojiwa.

Wengine watasema MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, inatosha: walimu wanakutana katika jumuiya za ujifunzaji shuleni, wanajadili. Kwa mada ngumu ya hisabati, sawa. Kwa siri ya mwanafunzi, hapana. Jumuiya hiyo ina mwalimu wa nidhamu, ina mwalimu wa darasa, na pengine ina yule anayelalamikiwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haimtaki aitoe kwa wenzake kumi na wawili wakinywa chai. Kwa hiyo mlezi atoke shule nyingine ya kata ile ile au ya jirani, asiwe mkuu wa shule, na asiwe Afisa Elimu Kata, ambaye kazi yake ni kumkagua mgeni.

Gharama yake ni nauli, na vipindi vichache kupunguzwa kwenye ratiba ya mkongwe. Sioni kwamba hilo linaizidi semina ya siku tano yenye posho, ukumbi na chakula.

Nikiulizwa mkutano wa kwanza ufanye nini, nitasema usianze na nadharia. Mkongwe amuulize mgeni kama amepewa barua ya kuchapa. Kama anayo, waandike pamoja barua nyingine, fupi na ya adabu, ya kumwomba mkuu wa shule aliondoe jina lake kwenye orodha hiyo. Mgeni aliye kwenye kipindi cha majaribio hawezi kuandika barua kama hiyo peke yake.