Mtaa Ulitangulia Taifa: Funzo la Kariakoo

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba tunawakumbuka waliotuletea uhuru. Tunaimba wimbo wa taifa, tunataja majina ya wazee wetu, tunawasimulia watoto habari za bendera iliyopandishwa mwaka 1961. Lakini kuna jambo hatulisemi mara nyingi: watu wa Dar es Salaam walianza kujiongoza wenyewe mitaani kwao miaka mingi kabla ya siku ile. Mwaka huu tumeona tuliandike, kwa kuwa mtaa uliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, Kariakoo, leo unawahitaji watu wake, tukiwamo sisi tunaoishi Uingereza.

Jina lenyewe la Kariakoo lina historia nzito. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, pale palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalifanya Kariakoo. Baadaye serikali ya kikoloni iliugawa mji mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati. Kariakoo ikajaa nyumba za Kiswahili tunazozijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma. Mwenye nyumba alijiwekea chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Ndiyo maana Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mluguru walichota maji pamoja na kusikia kilio cha mtoto wa chumba cha pili usiku.

Hofu ya mgeni mjini ilikuwa kuugua bila wa kumuuguza, na kufa bila wa kumzika. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa vyama vya mwanzo. Watu waliungana kwa asili zao, kama Wazaramo Union na Ukami Union, na wengine kwa ngoma zao. Vikundi vya ngoma vya akina mama vilikuwa na viongozi, michango, na desturi ya kwenda msibani kwa pamoja. Asiyejua kusoma alijua kuhesabu mchango wake na kuuliza umekwenda wapi. Hapo ndipo wengi walipoonja kwa mara ya kwanza kumchagua kiongozi na kumwajibisha.

Mwaka 1929 likafanyika jambo kubwa zaidi. African Association ilianzishwa, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes, mfanyakazi wa reli, akiwa katibu. Ubora wake ni kwamba mtu hakuulizwa kabila lake. Wanachama walijipatia nyumba yao katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, na leo ni Lumumba. Chama chenye nyumba hakifi kirahisi. Daftari lina pa kuwekwa, mkutano una pa kufanyiwa, na mgeni ana pa kubisha hodi. Mwaka 1953 Mwalimu Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama hicho, ambacho sasa kiliitwa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa katika nyumba ileile.

TANU haikuanza na kurasa tupu. Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist na mmoja wa waasisi, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo, mahali ambapo mji mzima ulipita. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza akina mama katika chama, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Wale walikuwa tayari na watu wao na wanaaminiwa. Kwa muda mfupi maelfu ya wanawake walichukua kadi. Kwa hiyo tunaposema taifa lilijengwa, tukumbuke kwamba matofali yake yalikwisha kufyatuliwa uani.

Baada ya uhuru, dola iliingia mtaani kwa mlango mwingine. Tarehe 10 Desemba 1961 Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ikaweka wajumbe wa nyumba kumi, na mjumbe akawa mtu wa kuamua ugomvi, kuandika barua ya utambulisho na kumjua mgeni aliyelala kwa nani. Mfumo huo ulisaidia wengi. Hata hivyo, ulizoesha watu kuona kwamba mambo ya mtaa ni ya chama na serikali, na kazi ya mkazi ni kuitwa mkutanoni. Huko juu nako hakukutulia. Mabaraza ya miji yalivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakarudishwa 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa ikawekwa Tume hadi 2000, na mwaka 2021 ikavunjwa tena, Ilala ikawa ndiyo jiji. Mkazi aliyekuwa akilalamikia chemba inayofurika alibadilishiwa ofisi mara kwa mara, na chemba ikabaki palepale.

Wapo walioonyesha njia nyingine. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jalala lililowafukizia moshi na harufu majumbani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Jiji liliporudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alikataa, akasema kuwaweka watu katika uchafu ule ni kuigusa haki yao ya kuishi. Hawakuwa na cheo. Walikuwa majirani waliokubaliana.

Sasa tuitazame Kariakoo ya leo. Nyumba za Kiswahili zimekwisha au zinakwisha, maghorofa yamejaa fremu, na bei ya kilemba inatisha. Tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Wafanyabiashara wana umoja wao, na sauti yao inasikika. Je, mkazi anayelala pale anasemewa na nani? Nani anauliza kibali cha jengo linalochimbwa jirani, njia ya gari la zimamoto, au maji taka?

Jambo hili linatuhusu. Wengi wetu ni warithi wa nyumba za bibi na babu katika mitaa ya Kongo, Sukuma, Pemba na Narung'ombe. Simu inapigwa usiku: mjenzi amekuja, anataka saini, ndugu wamegawanyika. Kila ukoo unajadiliana naye peke yake, gizani, na kila ukoo unapata masharti yake. Hapa Uingereza tumeona wapangaji wa jengo moja wakiunda chama na kudai hesabu za ada ya huduma. Nyumbani nako sheria ipo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inawataka wenye sehemu katika jengo moja wawe na chama chao, na wakazi wa mtaa wanaweza kujiandikisha kwa Msajili wa Vyama.

Historia hii inatupa masharti machache ya kuanzia. Tuanze na mtaa mmoja, tusianze na Kariakoo nzima. Wapangaji waingie pamoja na wenye nyumba, kwa sababu wao ndio wengi na ndio wanaolala pale. Akina mama wawe kwenye uongozi tangu mkutano wa kwanza. Mchango uwe mdogo kiasi cha kila mtu kuumudu, wenye stakabadhi, na hesabu zisomwe hadharani. Pawepo mahali pa kudumu pa kukutania, hata kama ni chumba kimoja. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe taarifa na aalikwe, lakini asikabidhiwe chama, wala kadi ya chama cha siasa isiwe tiketi ya kuingilia.

Sisi tulio mbali tuna fedha kidogo, uzoefu wa mikutano na saini zetu kwenye mirathi. Tusizitumie kuwaamulia wanaoishi pale. Kazi yetu iwe kulipa mchango wetu kama warithi, kulipia ushauri wa wakili pale unapohitajika, na kutoweka saini ya kuuza kabla majirani hawajajua. Haba na haba hujaza kibaba. Wazee wa New Street waliujaza chao kwa senti za wapagazi na wauza soko, na ndani yake ikatoka nchi.

Uhuru na Umoja.